Pumzi za Mlima Lihanje

Sindano ya saba ndiyo iliyompigisha Subilaga magoti.

Sita za mwanzo alikuwa amezing'oa ardhini kwa mwendo wake wa siku zote. Anafuta shingo ya sindano kwa kitambaa, anaizungusha robo, anaivuta polepole, anailaza ndani ya sanduku lenye vijumba kumi na viwili, kisha anaziba tundu. Mafundi wengine huziba kwa udongo wa palepale. Yeye alikuwa na desturi ya kwenda hatua mbili kando, kuchota konzi moja na kurudi nayo. Hakufundishwa na mtu. Hakupenda tu kuchokonoa zaidi mahali palipokwisha kuchokonolewa.

Konzi aliyoichota safari hii ilikuwa nyekundu. Tundu lilikuwa jeusi kama machicha ya kahawa.

Akarudi kwenye tundu la sita, akafukua kizibo kwa kidole. Lilikuwa jeusi nalo, na kizibo chake chekundu. La tano vilevile. Alikuwa ameziba matundu sita bila kutazama, macho yake yakiwa kwenye sindano.

"Fundi! Umeangusha hereni?"

Sauti ilitoka juu, kwenye shamba la pili, ambako wanawake kumi na wawili walikuwa wamejipanga mstari mmoja na majembe yao. Huko Lihanje kulima ni kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, na jambo hilo huliita ngokela. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bonifasia Ndunguru, na aliyepaza sauti ni yeye mwenyewe.

"Sijaangusha kitu, dada. Naangalia udongo."

"Uangalie tu, udongo wetu hauna aibu! Ukimaliza uende Mkolola ukawaambie wafungashe!"

Wakacheka. Subilaga alitabasamu kwa adabu, lakini moyo wake haukucheka.

Nchi nzima ilijua habari ya milima hiyo miwili. Machimbo kumi na moja ya makaa ya mawe yalikwisha kufungwa, moja baada ya jingine, na juu yake kumepandwa miti. Limebaki moja tu, la mwisho, la miaka minane: makaa ya kuyeyushia chuma cha minara ya upepo ambayo haijasimamishwa bado. Baada ya hapo, basi, hakuna atakayechimba tena. Makaa hayo yapo chini ya Lihanje, na yapo pia chini ya Mkolola, ng'ambo ya bonde. Watu walipiga kura wakakubaliana kwamba utafunguliwa ule mlima ambao udongo wake una uhai mdogo zaidi. Utakaobaki utafungwa kwa sheria, na hakuna atakayeugusa milele.

Kwa hiyo Subilaga hakuja kupima shamba. Alikuja kupima nani abaki na nani aondoke.

Bibi Eusebia Kapinga akashuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye mpini wa jembe. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ngokela. Alikuwa na miaka sabini na kitu, lakini alishuka mteremko ule bila kutazama chini, kama mtu anayetembea sebuleni kwake.

"Mwanangu, umenyamaza sana leo."

"Bibi, naomba kuuliza. Mwaka jana nilipozichomeka sindano hizi, kuna mtu alizigusa?"

"Hata mmoja. Ulituambia tusiziguse, hatukuzigusa."

"Na pembeni yake?"

Bibi Eusebia akamtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa kama watu wa hapa huoga.

"Pembeni tulitandika."

"Mlitandika nini, Bibi?"

"Nyasi, mwanangu. Ulikuwa umeshaondoka. Kitu kigeni kikiingia ardhini kwetu hakilali chini. Mche wa kwanza wa kahawa ulipoletwa, babu zetu waliutandikia nyasi mara mbili ya kawaida. Nguzo ya kwanza ya umeme, tukaitandikia. Hata bomba la maji. Hizi nazo ni ngeni, tena zimetumwa na nchi nzima. Tungeziacha zilale kwenye udongo mtupu? Tungeonekana watu wa namna gani?"

Subilaga akakaa chini kabisa, kwenye tuta.

"Zote kumi na mbili?"

"Zote. Shubiri mbili kila upande. Nilitandika mwenyewe kwa mikono hii." Akamwonyesha viganja, kwa fahari.

*

Ndani ya kila sindano mna uzi wa kuvu, mwembamba kuliko unywele, uliofugwa maabara kwa vizazi vingi mpaka ukabaki unajua jambo moja tu: kufuata mabaki ya mimea yanapogeuka kuwa udongo. Kila ardhi inapoivuta hewa inayochafua anga na kuifungia chini, uzi hurefuka kidogo. Urefu huo ndio watu waliouita pumzi. Mlima wa kawaida una pumzi nne. Mlima uliotunzwa una tano au sita. Ikifika saba, mafundi husafiri kwenda kuushangaa.

Ila kuvu haiwezi kuhisi mbali. Inachokijua ni shubiri mbili kila upande, na ndiyo sababu sindano huwa kumi na mbili, zimetawanywa kwa kura, ili lisije likapimwa shimo moja zuri likasemea mlima mzima.

Watu wa Lihanje wana namna yao ya kulima, ya mashimo yanayoitwa ngoro. Wanaume hufyeka nyasi, wanawake huzipanga chini kwa miraba, kisha wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo uliotoka shimoni. Matuta yanashika mbegu, mashimo yanashika mvua, na nyasi zinaoza chini zikiwa chakula. Mlima mzima ulitandikwa hivyo tangu zamani za mababu. Lakini penye sindano palitandikwa mara mbili, kwa mkono wa Bibi Eusebia.

Sindano zote kumi na mbili zilipoingia sandukuni, sanduku lilisoma nyuzi zake, likasema pumzi saba na nusu.

Subilaga akatoa keekee ya mkono, kifaa cha zamani ambacho wenzake walikwisha kukiacha. Alichimba matundu ishirini mahali ambapo hapakuwahi kuwa na sindano. Kila mara alijaza udongo kwenye mrija wa kioo, akadondosha matone matano ya dawa, akangoja rangi itulie, akaandika. Kazi hiyo ilimla mchana wote na asubuhi ya siku ya pili. Hakuharakisha hata mrija mmoja. Kila mrija mmoja ulipotulia alimwomba Mungu ufuatao uwe tofauti.

Haukuwa tofauti. Pumzi tano.

Mkolola, alikotoka wiki iliyopita, sindano zilisema sita. Kule alipoziba matundu kwa konzi za kando, udongo ulifanana kama ndugu wa tumbo moja. Hapakuwa na la kuuliza.

Watu wa Mkolola hawakuwa wenyeji wa milimani. Walipandishwa kutoka ufukweni mwa ziwa, miaka thelathini iliyopita, maji yalipopanda na kumeza vijiji vyao. Mama Loide Chiwaya, aliyempokea huko, hakumwuliza kama watashinda. Alimwomba jambo moja.

"Kama ni sisi, mtuambie mapema. Tulipohama ziwani nilikuwa nimepanda mihogo jana yake."

*

Majibu yalitakiwa kufika kwa Mizani ya Taifa, mashine inayotoa uamuzi, kabla ya adhuhuri ya siku ya tatu. Saa nne, wanawake walipoketi kula kando ya shamba, Subilaga akaenda akaketi nao. Otmar Komba, mwenyekiti wa mlima, alikuwapo na wafyekaji wake. Bonifasia akamsogezea sahani ya kande.

"Kula, fundi. Unakonda kama sindano zako."

Subilaga hakuigusa sahani. Akawaeleza. Alieleza mwanzo hadi mwisho, bila kupandisha sauti na bila kuruka kitu, hata lile kosa lake la kuondoka siku ileile bila kuuliza desturi ya mahali. Alipomaliza, kijiko kilisikika kikianguka kwenye sufuria.

"Ngoja," akasema Otmar. "Yaani tumeshindwa kwa sababu ya heshima?"

"Hamkushindwa kwa heshima, mwenyekiti. Heshima ndiyo iliyonificha kipimo."

"Ni kitu kilekile!"

"Hatukughushi," Bonifasia akadakia, na sasa hakuwa anatania. "Nyasi zetu, shamba letu, mikono yetu. Udongo ulio chini ya sindano zako umekula kweli. Haukuigiza kula."

"Umekula kweli, dada. Lakini ni shubiri mbili. Mlima haukula."

"Ungetuambia mwaka jana, tungeulisha mlima mzima!"

Subilaga akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema.

Mmoja wa wanawake alianza kulia chinichini. Otmar akasimama, akatembea hatua tano, akarudi. "Na huyo mashine anauliza nini hasa? Nisikie maneno yake."

"Anauliza kama kuna sindano iliyoguswa."

"Iliguswa?"

"Hapana."

"Basi! Jibu hapana. Umesema uongo?"

"Sijasema uongo."

"Sasa taabu iko wapi?"

Subilaga alikuwa amelala na swali hilo usiku mzima. Angeweza kujibu ukweli mtupu, neno moja, na ukweli huo ukafanya kazi yote ya uongo. Akasema, "Taabu ni kwamba Mkolola ndio watakaohama."

Mlio wa ndege ulisikika bondeni, na ng'ambo yake mlima wa Mkolola ulikaa kwenye mwanga wa asubuhi na mabati yake machache yakimetameta.

"Hao wamezoea kuhama," mfyekaji mmoja akanong'ona.

"Funga mdomo wako, Kolumba," akasema Bibi Eusebia. Ndilo neno lake la kwanza. Kisha akamgeukia Subilaga. "Ukinyamaza, kuna atakayejua?"

"Mimi."

"Zaidi yako?"

"Sasa, Bibi, ninyi nyote."

"Basi hiyo si siri tena," akasema Bonifasia, akifuta pua kwa khanga, "huo ni mkutano wa hadhara."

Wakacheka kidogo, cheko la watu walio msibani. Bibi Eusebia hakucheka. Alikuwa anautazama mstari wa mibuni chini ya mteremko.

"Pale wamelala watu wangu saba," akasema. "Mama yangu, mume wangu, watoto wawili. Wengine niliwakuta. Wakichimba watanihamishia mifupa?"

"Sheria inasema watahamisha kwa heshima zote."

"Sheria." Akalionja neno hilo kama chumvi. "Mwanangu, sitakutuma useme uongo. Wala sitakutuma useme kweli. Ukiisema kwa kunitii mimi, siku moja utakuja kujiambia kwamba ni bibi mmoja wa Lihanje aliyekutia hilo mdomoni. Kula chakula chako. Ukishiba, kafanye unaloona."

Subilaga akala. Kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote alivyofanya siku hiyo: kutafuna kande za watu wale, maharage kwa mahindi, wakimtazama, na kumaliza sahani.

*

Mizani ya Taifa ilimfikia kila fundi kupitia kisanduku cha ukubwa wa kopo la majani ya chai. Subilaga akakiweka juu ya jiwe bapa, akafungua kifuniko, akataja jina lake.

"Fundi Subilaga Mwakyoma," ikasema Mizani. Sauti yake haikuwa ya kike wala ya kiume, nayo ilisema Kiswahili safi, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Mlima Lihanje. Sindano kumi na mbili. Wastani wa pumzi saba na nusu. Je, kuna sindano iliyoguswa?"

"Hapana."

"Je, kuna la kuongeza?"

Swali hilo la pili Subilaga alikuwa amelisikia mara mia nne katika maisha yake, na mara mia nne alijibu hapana. Lilikuwa swali la adabu tu, kama mtu anavyoulizwa habari za nyumbani. Alitazama ng'ambo. Kwenye mteremko wa Mkolola mtu fulani, mdogo kama punje, alikuwa akiinuka na kuinama, akiinuka na kuinama. Huenda alikuwa anapanda.

"Je, kuna la kuongeza?" Mizani ikarudia.

"Lipo."

Akalisema. Akasoma namba za mirija ishirini, mmoja mmoja. Akaeleza nyasi, akaeleza shubiri mbili, akaeleza kwamba waliotandika walitandika kwa wema na mbele za watu, na kwamba fundi ndiye aliyepaswa kuuliza. Sauti yake ilitetemeka mahali pamoja tu, alipotamka namba tano.

Mizani haikukawia. "Kipimo cha Lihanje ni pumzi tano. Cha Mkolola ni sita. Mlima Mkolola unafungwa kwa sheria leo. Mlima Lihanje utafunguliwa baada ya mavuno ya Agosti. Poleni."

Neno hilo la mwisho lilikuwa limewekwa humo na mtu fulani, zamani, kwa nia njema. Nyuma yake Subilaga alisikia pumzi za watu. Akageuka. Walikuwa wamesimama wote, majembe mikononi, na hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu wangemtukana.

"Fundi," Mizani ikaendelea. "Lipo jambo jingine. Udongo uliotandikwa umetoka tano ukafika saba na nusu kwa mwaka mmoja. Hakuna mlima nchini uliowahi kupanda hivyo. Milima mia tatu na kumi inahitaji njia hiyo. Naomba maelezo ya utandikaji."

"Usiwape!" Otmar akanguruma. "Wachukue mlima, na ufundi wauchukue? Usiwape, Bibi!"

"Kweli," Bonifasia akasema. "Wakajifunzie kwenye makaa."

Subilaga akakifunika kisanduku kwa kiganja. "Si lazima mjibu," akawaambia. "Hilo si sehemu ya kipimo. Ni ombi. Mkikataa nitaandika wamekataa, na hakuna atakayewauliza tena."

Bibi Eusebia akakaa kwenye jiwe, karibu na kisanduku. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, naye hakuyafuta, kama hakuwa na habari nayo.

"Huyu anasikia?" akauliza mwishowe, na Subilaga akauondoa mkono wake. "Wewe. Unataka nikueleze."

"Ndiyo, Bibi. Maelezo ya maneno yanatosha."

"Hayatoshi. Nyasi ya siku mbili ni nzuri, ya siku nne imekufa, na siku hizo huzijui kwa kuhesabu, maana jua la juu si jua la chini. Unazijua kwa kiganja. Chini unaweka ngumu, juu laini, lakini penye mchanga unageuza. Ukikosea tuta linavimba, mvua ya kwanza linakwenda. Mimi nilifundishwa miaka mitatu, na mama alinichapa." Akapumua. "Nikikupa maneno matupu utayapeleka kwenye milima mia tatu, na mia tatu itaporomoka. Halafu mtasema wa Lihanje walituambia."

"Unapendekeza nini, Bibi?"

"Waje. Kila mlima ulete watu wake. Wakae na sisi, walime zamu na sisi, kuanzia wiki hii mpaka hiyo Agosti yenu. Tutautandika mlima wote, mgongo mpaka mgongo, mara mbili."

"Lihanje utafunguliwa Agosti," ikasema Mizani. "Kazi hiyo haitabadilisha uamuzi."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, ni mzee tu."

Mizani ikanyamaza. Kwa miaka yote Subilaga aliyofanya kazi nayo, hakuwahi kuisikia ikinyamaza zaidi ya kufumba na kufumbua. Alihesabu mpaka kumi na tisa.

"Waje wangapi?"

Bibi Eusebia akautazama mlima wake, kutoka mibuni mpaka kileleni, akipiga hesabu ya migongo kwa midomo.

"Sita sita kwa kila mlima. Lakini wasije wote pamoja. Waje kwa makundi, tusije tukakanyagana."

"Bibi!" Bonifasia akapiga ukelele. "Sita mara mia tatu! Watakula nini watu hao?"

"Waje na unga wao. Na majembe yao, maana lako nimeliona, halimfai hata kuku." Akashika mpini, akainuka kwa taabu, na Subilaga akamshika kiwiko. Bibi Eusebia hakuutoa mkono huo. Akamgeukia Otmar. "Mwenyekiti, wafyekaji wako waanzie kule kileleni."

"Kileleni? Siku zote tunaanzia chini."

"Chini ndiko mashine za kuchimba zitakakoanzia, juu patadumu zaidi," akasema Bibi Eusebia, akatangulia kupanda.